Jina la Kalekye kwenye Orodha ya Matajiri

Sogeza kiti, wewe uliyeachiwa meza yangu, nikueleze jambo. Najua kompyuta imekuita mara tatu tangu uketi, lakini itangoja. Juzi, kwenye chai ya kuniaga, uliniuliza kazi hii ya kodi ina siri gani. Nilikujibu kwa utani kwa sababu mkubwa wetu alikuwa amesimama nyuma yako na kipande cha keki. Leo nakujibu kwa maandishi, polepole, kama nilivyozoea kueleza watu sokoni. Sitakuambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa ngapi. Hayo yako kwenye faili langu, na faili langu, kama mafaili yote, linasema nusu ya mambo.

Nilianzia Mwingi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Garissa, na kila lori lililopita lilitikisa vioo. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino na kalamu tatu mpya. Aliyenipokea aliitwa Bwana Abdi, mtu mwembamba wa familia zilizotoka kaskazini mashariki, mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini. Aliangalia miguu yangu kabla ya kuangalia barua yangu ya ajira.

"Binti, una ndala?"

"Sina, bwana."

"Shuka hapo dukani ununue. Halafu tuende tukahesabu magurudumu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Tulizunguka kwenye uwanja wa malori mpaka adhuhuri, mimi nikihesabu magurudumu, yeye akiandika kwa penseli kwenye daftari la miraba. Penseli, aliniambia, kwa sababu kalamu hukauka kwa joto la Mwingi na maandishi yake huchuruzika ukitoa jasho. Nilipomuuliza kwa nini hatuanzi na vitabu vya hesabu, alinijibu, "Kitabu ameandika mtu. Gurudumu limeisha lenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Bwana Abdi alinifundisha kuangalia kitu kinachotumika: mafuta, matairi, chakula cha mifugo, idadi ya walinzi langoni. Alinifundisha kukubali chai lakini kukataa ya pili, kwa sababu kikombe cha pili huja na ombi. Na kila nilipotoka kwa mtu nimepandwa na hasira, alinisimamisha mlangoni na kuniambia, "Andika ulichoona. Usiandike ulichokasirikia." Nilihitaji maneno hayo mara nyingi kuliko kikokotoo.

Niliyahitaji kwanza kwa Mzee Kilonzo. Huyu alikuwa msafirishaji. Malori yake yalibeba simiti kwenda na mbuzi kurudi, na mji mzima ulijua ni yake. Tulimkuta uani kwake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, akikatwa kucha na mjukuu.

"Karibu, madam," akaniambia. "Umetumwa kuniona au kunifunga?"

"Kukuona tu, mzee."

"Basi ona. Hayo malori yote hapo nje, hakuna hata moja yangu."

"Ni ya nani?"

"Hilo la bluu ni la mama."

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Hata yeye hajui," akasema, na mjukuu akacheka. "Lakini anapenda sana biashara ya usafiri."

Lori la pili lilikuwa la shemeji, la tatu la binti aliyekuwa bado shuleni, na kadhalika hadi mwisho wa ua. Nilipokagua vitabu vya umiliki wa magari, kila kimoja kilikuwa na jina lake na kila jina lilikuwa na pini yake, yaani namba ya mlipa kodi. Kila pini ilitangaza mapato madogo kiasi cha kutowekwa kwenye daraja la juu la kodi. Yeye mwenyewe kwenye karatasi alikuwa meneja wa mama yake, na mshahara wake ulikuwa chini ya wa mwalimu wa shule ya msingi. Kila karatasi ilikuwa halali. Tulipotoka, Bwana Abdi alisimama chini ya jua, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bibi kizee anasafirisha simiti mpaka Garissa," akasema. "Mungu ampe nguvu."

Tuliandika tulichoona. Ripoti ikaenda juu na haikurudi.

Nakueleza hayo ili uelewe nilikuwa mtu wa namna gani nilipohamishiwa upande wa Makueni, miaka mingi baadaye. Bwana Abdi alikuwa amestaafu. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuelimisha walipa kodi, kwa sababu wakubwa waligundua kwamba sichoki kueleza. Nilizunguka kaunti zote mbili, ile ya Mwingi na hii ya Makueni, na ubao wangu wa kukunja. Lakini ndani yangu nilikuwa nimebeba lile lori la bluu. Nilishuku kila mtu aliyesema hana kitu. Nilikuwa nimesikia maneno hayo kutoka kwa watu wenye nyumba za ghorofa.

Ndipo likaja pendekezo la kupandisha kodi ya wenye mapato ya juu. Utakuwa umelisoma chuoni, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyowaeleza watu, uone kama unaweza kulisema kwa urahisi zaidi. Mapato ya mtu hukatwa vipande kama shamba la matuta kwenye mteremko. Tuta la chini kabisa halitozwi au linatozwa kidogo. Kadiri unavyopanda, kila tuta lina kiwango chake. Ukiongeza kiwango cha tuta la juu, hujagusa la chini. Aliye na tuta moja halipi zaidi hata senti, na mwenye matuta saba analipa zaidi kwa lile la saba tu, si kwa shamba zima. Watu wengi, pamoja na baadhi ya waheshimiwa waliopiga kura, hawakulielewa hilo.

Mimi nililiamini. Bado naliamini. Mwenye zaidi atoe zaidi, na si kwa idadi tu bali kwa uzito. Kilichonitia shaka kilikuwa kitu kingine, nacho nilianza kukiona Mwingi, kwenye mkutano wa kwanza wa kukusanya maoni ya wananchi. Mheshimiwa mmoja alikuwa amesema, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikilia, kwamba sasa zamu ya matajiri imefika. Watu walipiga makofi. Kisha Mzee Kilonzo, aliyeketi safu ya mbele na kofia yake magotini, akasimama.

"Sisi ambao Mungu ametubariki," akasema, "tutozwe! Mimi nasema tutozwe hata mara mbili! Nchi ni yetu sote!"

Wamama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akamshika mkono. Nami nikasimama kando ya ubao wangu na chaki mkononi, nikimtazama. Mtu hashangilii kukatwa mkono wake. Akishangilia, angalia vizuri kisu kimeelekezwa wapi.

Wiki iliyofuata tulikuwa Kikima, milima ya Mbooni, upande wa Makueni, kwenye ukumbi wa kanisa. Kule milimani watu wana mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi: leo mnachimba matuta kwa huyu, kesho mnavuna kwa yule. Kwa hiyo nilieleza kodi kwa njia ya mwethya. Mwenye ng'ombe na plau huja na ng'ombe na plau. Mwenye jembe huja na jembe. Hatumwambii mwenye jembe akope ng'ombe, wala mwenye ng'ombe hatumruhusu aje na jembe. Nilijipongeza moyoni. Mwalimu mmoja akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Madam, hiyo ni sawa. Lakini mshahara wangu nyinyi mnauona kabla mimi sijauona. Huyo wa ng'ombe mtamwona saa ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Kabla sijajibu, akasimama mama mmoja mfupi, na kitambaa cha kichwa cha bluu, mikono yake imevimba vidole kwa kazi. Huyo ndiye Kalekye. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama waliouza avokado, na zamani alikuwa mpishi wa shule ya bweni.

"Mimi nakubali," akasema. "Mwenye ng'ombe alete ng'ombe. Na kwa mwethya, mwenye ng'ombe tunamwona akitoa jasho na sisi. Mkituhakikishia tutamwona, mimi naunga mkono."

"Mtamwona, mwaitu," nikamwambia. Mwaitu ni neno letu la heshima kwa mama. Nililisema kwa furaha, na lilikuwa ahadi isiyokuwa yangu kutoa.

Sheria ikapita. Miezi kadhaa baadaye ikaja orodha kutoka makao makuu, nami nikakabidhiwa kuifuatilia. Kompyuta ilikuwa imelinganisha kile ambacho makampuni yalitangaza kununua na kile ambacho watu walitangaza kupata, na ikatoa majina ya wenye mapato ya juu wasiowasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Sitakuficha: nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja orodha hiyo tangu siku ya lile lori la bluu. Niliisoma haraka nikitafuta jina la Kilonzo. Halikuwamo. Nikasema, haya, tutaanza na waliomo. Kwa eneo la milima ya Mbooni kulikuwa na jina moja karibu na juu kabisa, la mwanamke ambaye kampuni ya kununua matunda ilisema imemlipa kiasi kikubwa kwa misimu mitatu mfululizo. Jina lenyewe sikulikumbuka. Nilikuwa nimekutana na Kalekye mara moja, na kwenye orodha aliandikwa kwa majina yake matatu rasmi. Nikatia saini barua ya madai. Nikatia saini na ile nyingine, ya kwenda benki, ya kuzuia akaunti mpaka alipe. Saini zote mbili zilinichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Barua ilipitia kwa naibu wa chifu. Habari ilifika sokoni kabla ya bahasha kufika kwake.

Alikuja mwenyewe ofisini kwetu, mjini Wote, na barua ndani ya mfuko wa plastiki wa unga. Ndipo nilipomtambua.

"Madam," akasema, "hii kodi ya matajiri imenifikia aje mimi?"

"Inasema umeuza avokado, mwaitu."

"Nimeuza. Si zangu peke yangu."

"Ni za nani?"

"Za mwethya."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na si kwa uvivu. Nilikosea kwa uzoefu. Nilimtazama yule mama nikamwona Mzee Kilonzo na kucha zake. Lori ni la mama, avokado ni za mwethya. Nilimwambia kwa upole kwamba nitakuja kwake kuona, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Upole wangu siku hiyo ulikuwa wa mtu anayejua anakwenda kukamata.

Nilipanda kwake kwa bodaboda mpaka njia iliposhindwa, kisha kwa miguu. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikaangalia vitu kabla ya karatasi. Kulikuwa na mabati mapya. Kulikuwa na tangi jeusi la maji, kubwa, kwenye msingi wa mawe uliojengwa vizuri.

"Tangi hili ulinunua lini?"

"Si mimi nilinunua. Ni la mwethya. Ilikuwa zamu yangu."

"Na mabati?"

"Mabati alileta kijana wangu wa Nairobi. Hayo ni yangu, andika." Kisha akanitazama. "Madam, ile siku ya kanisa ulikuwa unacheka na sisi. Leo unaangalia nyumba yangu kama umeipoteza."

Niliandika mabati, niliandika tangi, na nikaaga bila kunywa hata kikombe cha kwanza.

Ni wakati wa kushuka ndipo nilipoona tangi jingine, kwenye nyumba ya udongo, la aina ile ile, juu ya msingi wa mawe wa mtindo ule ule. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe: 9. Nikasimama. Nikakumbuka kwamba la Kalekye lilikuwa na 17, na mimi nilidhani ni alama ya kiwandani. Nikaacha njia ya bodaboda. Nilitembea mteremko ule wote hadi jioni, nikipita katikati ya mahindi ya watu, mbwa wakinibwekea, na nikahesabu kwa penseli. Nilipata matangi ishirini na sita, kila moja na namba yake. La kumi na saba lilikuwa la mweka hazina. Mtu anayeiba hajiweki wa kumi na saba.

Nilipouliza njiani, nilielezwa bila kuficha. Akina mama walikuwa ishirini na wanane. Kampuni ilitaka kulipa mtu mmoja mwenye pini moja na akaunti moja. Kusajili kikundi kulihitaji nauli, vyeti na siku ambazo hawakuwa nazo. Kati yao wote mwenye pini alikuwa mmoja tu, Kalekye, kwa sababu aliwahi kuajiriwa jikoni. Wakatumia jina lake. Kwao halikuwa jambo la kufikiria mara mbili: kwenye mwethya, plau moja hulima kwa wote, kwa nini pini moja isiuzie wote? Pesa zikiingia, zinagawanywa siku hiyo hiyo kwa kilo za kila mmoja, na zinazobaki zinanunua tangi la mwenye zamu. Walikuwa wamefanya kitu kizuri kabisa, na kompyuta ikakiona kama mtu mmoja tajiri.

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikimfukuza mtu mmoja aliyejigawa majina mengi. Sasa nilikuwa nimefunga akaunti ya watu wengi walioingia kwenye jina moja. Kipimo chetu cha utajiri kilimwona wa pili na kumpita wa kwanza.

Niliamini basi kazi imebaki ndogo. Daftari la kikundi lingeonyesha kila kilo na kila aliyepokea, nami ningeandika barua ya kufungua akaunti kesho yake. Daftari lilikuwa kwa karani wao, mama aliyeitwa Ndunge, jirani na rafiki wa Kalekye wa tangu ujana. Nilimkuta akichambua maharagwe.

"Daftari sitoi," akasema, bila kuinua kichwa.

"Mwaitu, ni la kumsaidia mwenzako."

"Mwenzangu gani? Yule tajiri?" Sasa akainua kichwa. "Tulisomewa barua na naibu wa chifu. Hizo pesa zimeandikwa pale, mimi sijawahi kuziona. Mimi ndiye naandika, na sijawahi kuandika pesa nyingi hivyo. Kwa hivyo zingine zilienda wapi?"

"Labda barua imekosea."

"Barua ya serikali? Madam, serikali ikisema wewe ni maskini naweza bisha. Lakini serikali ikisema una pesa, imeziona. Na saini ni yako."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichomfanyia Kalekye. Akaunti nilikuwa na uwezo wa kuifungua. Lakini nilikuwa nimewaambia wanawake ishirini na saba, kwa muhuri, kwamba mwenzao anawaficha. Kanisani hakuna aliyeketi naye benchi moja. Walikuwa wameanza kukumbuka mambo: siku aliyochelewa kutoka benki, kitambaa kipya cha Krismasi, yale mabati. Ukishampa mtu sababu ya kushuku, atakutafutia ushahidi mwenyewe, na ataupata. Najua, kwa kuwa nilikuwa nimeufanya ushahidi wa aina hiyo kazi yangu.

Na siku zilikuwa chache. Lori la kampuni lilikuwa lije kuchukua avokado Jumatatu ya pili kutoka hapo, na kampuni ilishasema hailipi kwenye akaunti iliyofungwa. Isipofunguka, matunda yangeozea miguuni pa miti au yangechukuliwa na madalali langoni kwa bei ya huruma. Kalekye angekuwa ndiye aliyewaponza wote.

Niliomba waniite kwenye siku yao ya mwethya. Walikuja wote, kwa udadisi zaidi kuliko kwa upendo, wakaketi kwenye nyasi uani kwa Ndunge, maana kwa Kalekye walikataa. Kalekye aliketi peke yake kando ya zizi. Sikubeba ubao. Niliomba debe la avokado zile ndogo zilizokataliwa, nikazipanga chini.

Niliwaonyesha kwanza msimu mmoja, rundo moja. Hili ndilo analoliandika Ndunge, nikasema, baada ya kutoa usafiri na magunia na zilizooza. Nikaongeza kando yake avokado za usafiri, za magunia na zilizooza, kwa sababu kampuni iliandika yote iliyolipa kabla ya wao kutoa chochote. Kisha nikapanga msimu wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, maana barua ilikuwa imejumlisha yote. Juu yake nikaweka rundo la adhabu ya kuchelewa, ambalo halijawahi kuwa pesa ya mtu yeyote. Nyasi zikajaa.

"Hili lote," nikasema, "ndilo lile lililosomwa na naibu wa chifu. Sasa Ndunge, mimi sitaki kuona daftari lako. Liangalie wewe, uniambie kama nadanganya."

Alilitoa kifuani. Alikuwa nalo muda wote, amelifunga kwa leso. Alisoma taratibu, mdomo ukitembea, akihamisha avokado moja moja kutoka rundo hadi rundo. Mara mbili alinirudisha nyuma nieleze tena habari ya usafiri, nami nikaeleza tena. Mwisho alifunga daftari, akaketi, akayatazama yale matunda.

"Huyu tajiri," akasema, "ni sisi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. "Kumbe nimekuwa tajiri na bado nimevaa hii?" mama mmoja akauliza, akiinua kiatu chake cha mpira kilichotoboka, na uani kukawa na kelele. Ndunge hakucheka. Alinyanyuka akaenda kando ya zizi. Sikusikia aliyosema. Niliona tu Kalekye akitikisa kichwa, si kwa kukataa na si kwa kukubali.

Niliandika barua ya kufungua akaunti usiku huo huo. Ilihitaji saini tatu za walio juu yangu. Ya kufunga, kumbuka, ilikuwa imehitaji yangu peke yake. Ilifika benki siku nne baada ya lori la kampuni kupita na kwenda kununua upande mwingine wa mlima. Avokado zikachukuliwa na madalali.

Madai yakafutwa, kwa sababu mapato yakigawanywa kwa watu ishirini na wanane, hakuna hata mmoja wao aliyekaribia tuta la pili, sembuse la juu. Nikawasaidia kusajili kikundi, nikalipa nauli mwenyewe na sijaidai. Siku ya kuandika majina ya maafisa, wote walimtaja Kalekye awe mweka hazina. Ndunge ndiye aliyemtaja kwanza.

"Hapana," Kalekye akasema. "Nimewabeba kwa jina langu, na mlipoambiwa mimi ni mwizi mliamini siku ile ile. Sitaki ugomvi. Nitachimba na nyinyi, nitavuna na nyinyi. Pesa, shikeni wenyewe."

Hawakumpata mwingine waliyemwamini wote. Kikundi kina cheti ukutani, na kila mama sasa anauza peke yake langoni kwake. Matangi mawili ya mwisho hayakununuliwa.

Niliandika ripoti nyingine pia. Nilipendekeza kwamba tukitaka kweli kuwatoza wenye mapato ya juu, tuwe na njia ya kuunganisha majina ya watu kama Mzee Kilonzo, la sivyo kiwango kipya kitawakamata walimu, madaktari na wajane wenye pini moja. Jibu lilikuja, fupi na la adabu: walipa kodi hao wote, mmoja mmoja, wametimiza masharti. Mama yake Kilonzo alifariki mwaka uliofuata. Nasikia lile lori sasa ni la mjukuu.

Kwa hiyo ukisikia tena tangazo kwamba matajiri watatozwa zaidi, na utalisikia, liunge mkono kama unaliamini. Mimi nitaliunga mkono nikiwa hapa kwangu na kuku wangu. Lakini uliza mapema wanaotafutwa wataonekana kwa macho gani, kwa sababu anayepandisha kiwango na anayetunga orodha si mtu mmoja, na aibu ya orodha mbaya huwa haiwapati wote wawili. Na ukijiona umefurahi kupata orodha, ujue hapo ndipo utakapokosea kama mimi.

Sasa funga hiyo programu ya barua za madai kwenye kompyuta yako. Chukua jina la kwanza kwenye orodha yako ya wiki hii, uende kwa mwenyewe mchana, kabla hujamwambia naibu wa chifu wala benki. Muulize hivi: pesa hizi zikishafika kwako, zinakwenda kwa nani? Nyamaza mpaka amalize kujibu, uandike majina yote atakayotaja, kisha umtembelee kila mmoja wao.